Buruji za Babeli katika Anga la Waswahili

Majina kumi na mawili ya buruji yanayochapishwa katika kurasa za nyota za magazeti ya Kiswahili, kuanzia Kondoo (ambaye wanajimu wengine humwita Punda) hadi Samaki, yalianza kupangwa kabla ya Kiswahili chenyewe kuwa lugha. Chimbuko lake ni nchi ya kati ya mito Frati na Tigri, Iraki ya leo, kwa waandishi waliochonga alama kwa ncha ya tete juu ya udongo mbichi. Kutoka huko orodha hiyo ilipita kwa Wagiriki na Wamisri wa Iskanderia, ikaingia Kiarabu mjini Baghdad, ikavuka bahari hadi Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, na mwisho ikapanda bara pamoja na Kiswahili hadi miji kama Eldoret, ambako mkazi wa mtaa wa Huruma anaweza kuambiwa kwamba nyota yake ni Mashuke au Nge. Juu ya mtaa huohuo yapo majina mengine ya nyota ambayo hayakuhitaji kuvuka bahari yoyote. Makundi hayo mawili ya majina yamekaa pamoja kwa karne nyingi Afrika Mashariki bila kumezana, kwa sababu kila moja lilikuwa na kazi yake.

Wa kwanza kuandika majina ya nyota huko Mesopotamia walitumia Kisumeri, na hata Kisumeri kilipokwisha kusemwa na watu, alama zake ziliendelea kutumika katika vibao vya elimu, wasomaji wakizitamka kwa Kiakadi, lugha ya jamii moja na Kiarabu. Picha za nge na za mbuzi mwenye mkia wa samaki zimechongwa kwenye mawe ya kumbukumbu za ardhi waliyopewa watu na wafalme wa Babeli katika karne za 14 hadi 12 KK; mawe kadhaa ya aina hiyo yamo leo katika majumba ya makumbusho ya London na Paris. Karibu na wakati huo ziliandikwa orodha za nyota 36, tatu kwa kila mwezi wa mwaka. Zilikuwa orodha za kalenda zaidi kuliko ramani za anga, na baadhi ya nyota ziliwekwa katika miezi isiyolingana vizuri na kuchomoza kwake.

Kazi kubwa iliyofuata ndiyo iliyoipa elimu hiyo mpangilio. Inaitwa Mul-Apin, kwa maneno yake mawili ya mwanzo, yaani Nyota ya Jembe, lile jembe la kukokotwa na ng'ombe. Ilitungwa yapata mwaka 1000 KK, na nakala ya zamani kuliko zote yenye tarehe ni ya mwaka 686 KK. Inaorodhesha nyota, makundi ya nyota na sayari 71 katika njia tatu zilizopewa majina ya miungu wakuu: 33 katika njia ya Enlili, upande wa kaskazini, 23 katika njia ya Anu, katikati, na 15 katika njia ya Ea, upande wa kusini. Njia ya Anu ni ukanda unaofuata mstari wa ikweta angani. Kwa Babeli, iliyoko kama digrii 32 na nusu kaskazini ya ikweta, nyota hizo zilipita zimeinama upande wa kusini. Eldoret iko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo njia ya Anu hupita juu ya paa za Huruma moja kwa moja, na nyota za Ea ambazo Wababeli waliziona kwa shida karibu na upeo wa macho hupanda juu sana. Upande wa kaskazini hali hugeuka. Gari, kundi la nyota saba ambalo Mul-Apin inasema husimama angani mwaka mzima bila kuzama, katika Eldoret huchomoza na kuzama kama nyota nyingine yoyote.

Majina yenyewe yanaonyesha yaliwekwa na watu wa kazi gani. Lipo Jembe, upo Mfuo wa shamba lililolimwa, yupo Kibarua, yupo Mchungaji wa Kweli wa Mbinguni (hizi ni nyota za Orioni), ipo Fimbo ya mchungaji, lipo Gari. Wanyama ni wengi: Fahali wa Mbinguni, Simba, Kaa, Nge, Mbayuwayu. Miungu nao wamepewa nafasi zao. Mapacha Wakubwa ni Lugalirra na Meslamtaea, mabawabu wa kuzimu. Sayari ya Zuhura ilikuwa ya mungu wa kike Ishtari, na kibao kimoja kilichofukuliwa Ninawi katika maktaba ya mfalme Ashurbanipali kina hesabu za kuonekana na kutoweka kwa sayari hiyo kwa miaka 21, zilizonakiliwa kutoka enzi ya mfalme Ammisaduka wa Babeli, karne nyingi kabla ya maktaba hiyo. Hesabu hizo hazikuwekwa kwa ajili ya udadisi. Kila tarehe imefuatwa na ishara yake: mvua, mavuno, vita au amani ya wafalme. Anga lilisomwa kama barua ya miungu kwa mfalme, na aliyeisoma alilipwa na ikulu.

Kundi moja halikuhitaji sura ya mnyama wala mungu. Waliliita Mul-Mul, yaani Nyota tu. Ni lile fungu dogo la nyota sita au saba zilizosongamana ambalo Waarabu huliita Thuraya na Waswahili Kilimia. Mul-Apin inapotaja makundi 17 yaliyo katika njia ya mwezi, huanza na hilo, na sababu ni kalenda. Miezi ya Babeli ilifuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka ulipungukiwa na siku kama 11 ukilinganishwa na majira, na baada ya miaka mitatu ilibidi kuongeza mwezi wa kumi na tatu. Mojawapo ya kanuni za kuamua ilikuwa hii: mwezi mwandamo ukionekana pamoja na Nyota tarehe 1 ya Nisanu, mwezi wa kwanza, mwaka ni wa kawaida, ukikutana nazo tarehe 3, mwaka huo uongezewe mwezi. Mtu yeyote mwenye macho mazima aliweza kuihakikisha kanuni hiyo akiwa amesimama uani kwake, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu hesabu nyingi zilizokuja baadaye.

Hesabu hizo za baadaye ndizo zilizozaa buruji kumi na mbili. Tangu karne ya 7 KK waandishi wa Babeli walikuwa wakiweka kumbukumbu za kila usiku: mwezi uko wapi, sayari ipi imekaribia nyota ipi, bei ya shayiri ni kiasi gani, maji ya mto yamepanda vipi. Makundi 17 ya ukubwa tofauti hayakufaa kwa kazi ya namna hiyo. Katika karne ya 5 KK njia ya jua iligawanywa katika sehemu kumi na mbili sawasawa, digrii 30 kila moja, na kila sehemu ikapewa jina la kundi lililokuwa karibu. Makundi yaliyobaki nje, kama Mzee, Fimbo na Mbayuwayu, yaliondolewa katika orodha ya njia hiyo. Nyota za Mul-Mul zilimezwa na Fahali. Tangu hapo buruji ikawa kipimo, na picha ikabaki kama lebo yake. Mwaka 410 KK ndipo inapoonekana nyota ya kuzaliwa ya mtu binafsi, ya zamani kuliko zote zinazojulikana, na unajimu ukaanza kumshughulikia raia badala ya mfalme peke yake.

Wagiriki waliipokea orodha hiyo wakaibadilisha kidogo mahali ambapo haikuwaingia akilini. Kibarua akawa kondoo dume. Huenda sababu ni kwamba alama ya kifupi ya jina lake ilisomeka pia kama kondoo. Mizani ya Babeli waliigeuza kuwa makucha ya Nge, kisha baadaye wakairudisha kuwa mizani. Mabadiliko makubwa zaidi yaliupata ule Mfuo. Mul-Apin inaeleza kwamba Mfuo ni wa mungu wa kike Shala, na ni suke lake la nafaka. Wagiriki walimchukua mwanamke wakamfanya bikira, na suke likabaki mkononi mwake kuwa nyota moja angavu. Mjini Baghdad, ambako kitabu kikubwa cha elimu ya nyota cha Ptolemaio wa Iskanderia kilifasiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9, mwanamke huyo alijulikana lakini jina lililozoeleka kwa buruji yake lilikuwa Sunbula, suke. Ni neno la ukoo mmoja na lile la Kiakadi, shubultu, lililomo katika Mul-Apin. Kiswahili kikapokea Sumbula, na wanajimu wa magazetini wakaifasiri kuwa Mashuke. Ndiyo maana msomaji wa Kiswahili yuko karibu zaidi na kibao cha udongo, katika buruji hiyo moja, kuliko msomaji wa Kiingereza au Kifaransa ambaye humwona msichana tu.

Si kila buruji ilisafiri salama namna hiyo. Orodha ya vitabuni pwani ni Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Ya magazetini ni Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Mbuzi amepoteza mkia wake wa samaki aliokuwa nao Babeli, kwa kuwa Waarabu walimwita mwana-mbuzi tu. Mungu mpiga upinde wa Babeli, Pabilsagi, alibaki upinde kwa Waarabu, na kwa Waswahili akabaki mshale. Mmwaga maji ameachwa na ndoo bila mtu wa kuishika. Jauza ni kioja zaidi: Waarabu wa kale walilitumia jina hilo kwa nyota za Orioni, kisha likahamishiwa buruji ya jirani, na neno lenyewe halina mapacha ndani yake. Waliolifasiri kuwa Mapacha hawakutafsiri Kiarabu bali picha, na bila kukusudia wakawarudisha Lugalirra na mwenzake.

Baharini majina ya nyota yalikuwa na kazi isiyo na ubishi. Ahmad ibn Majid, rubani wa Julfar katika Ghuba, aliandika mkusanyo wake mkubwa wa elimu ya ubaharia yapata 1490, na moja ya tungo zake inaeleza safari ya pwani ya Afrika hadi Sofala. Dira ya mabaharia wa Bahari ya Hindi iligawanywa pande 32, na nyingi kati ya pande hizo zilipewa majina ya nyota mahali zinapochomoza na zinapozama: Jaa kwa kaskazini, kisha nyota kama Farkadi, Thuraya na Akarabu, hadi Suheli upande wa kusini. Kiswahili kimehifadhi baadhi yake hata kwa watu wasiowahi kushika usukani. Suheli, nyota ya pili kwa mng'ao usiku, lilikuja kumaanisha kusini kwenyewe, na matlai, upepo wa asubuhi utokao mashariki, ni neno la mahali nyota zinapochomoza. Urefu wa nyota juu ya bahari ulipimwa kwa vidole, kila kidole zaidi kidogo ya digrii moja na nusu, kwa kutumia kibao chenye uzi uliofungwa mafundo. Hapo palikuwa na tatizo ambalo wanajimu wa Babeli hawakulijua: kadiri jahazi linavyoshuka kusini, Jaa huzama kuelekea majini, na karibu na ikweta haifai tena kupimwa. Marubani walihamia kwenye Farkadi na nyota za Gari. Hadithi iliyozoeleka kwamba Ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 haikubaliwi tena na wanahistoria wengi.

Nchi kavu buruji zilikaa kwa wenye vitabu. Elimu ya falaki ilishughulika na saa za swala, kibla na mwandamo wa mwezi, na kando yake kulikuwa na utabiri. Njia iliyoenea ilikuwa kuchukua jina la mtu na la mama yake, kujumlisha thamani za herufi za Kiarabu, kugawa kwa 12 na kutazama salio: likibaki 1 ni Hamali, likibaki 2 ni Thauri, hadi mwisho. Kitabu kilichotumika sana kwa hilo hunasibishwa na Abu Maashari, mnajimu wa Baghdad aliyefariki mwaka 886. Mwanahesabu wa Babeli angeshangaa kukuta buruji ya mtu inapatikana bila kutazama jua lilikuwa wapi alipozaliwa. Katika zama za redio na televisheni elimu hiyo ilipata sura ya Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011, na kupitia watu kama yeye na kurasa za magazeti majina ya Mashuke na Ndoo yakafika nyumba ambazo hazijawahi kuwa na kitabu cha falaki.

Mkulima hakuwahi kuzihitaji. Alikuwa na Kilimia, jina litokanalo na kulima, na halikutoka Babeli wala Uarabuni. Ni jina la Kibantu la zamani ambalo ndugu zake wametapakaa kutoka Kenya hadi Afrika Kusini: Wakikuyu wana Kĩrĩmĩra, Wakamba wana jina karibu lilelile la Kiswahili, na Wazulu husema isiLimela. Waswahili walishika kanuni moja inayofahamika pwani nzima: Kilimia kikizama wakati wa jua, kitarudi na mvua, kikizama mvuani, kitarudi na jua. Kikizama jioni mwishoni mwa Aprili, masika yanakuwa yamepamba moto, na kikionekana tena alfajiri ya Juni, mvua imepungua. Pwani kulikuwa pia na mwaka wa Nairuzi wenye asili ya Uajemi, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumikumi, na Makunduchi bado husherehekea mwanzo wa mwaka kila Julai. Mabaharia na wakulima waliutumia, wanajimu hawakuuingiza katika buruji.

Katika uwanda wa Uasin Gishu, ambako Huruma imejengwa, fungu hilohilo la nyota limepitia vinywa vya watu wengi. Wamasai wa Uasin Gishu walichunga hapo hadi waliposhindwa katika vita vya karne ya 19. Wamasai huziita nyota hizo Ngokwa, wakazifananisha na ng'ombe wanaofuatana, na mwezi unaoangukia karibu na Mei ukapewa jina lake. Zilipotoweka walijua mvua kubwa imekwisha. Wanandi waliochukua malisho hayo waliziita Koremerik, na kwa kuonekana au kutoonekana kwake walitabiri kama mavuno yatakuwa mema. Ukanda mweupe wa nyota unaokata anga waliuita Poit'ap kechei, ziwa la nyota, wakisema watoto wa nyota huoga na kucheza humo. Maelezo hayo yaliandikwa na Alfred Claud Hollis, ofisa wa Kiingereza, katika kitabu chake kuhusu Wamasai cha 1905 na kile cha Wanandi cha 1909. Makaburu waliofika na magari ya ng'ombe mwaka 1908 walikuwa na jina lao la Kilimia, Sewester, nyota saba. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, nambari inayoendelea kuwa jina la utani la Eldoret, na reli iliyofika 1924 ilileta vibarua na wafanyabiashara wenye Kiswahili chao na Kilimia chao. Katika majina hayo yote hakuna buruji hata moja ya Babeli. Wafugaji na wakulima wa uwanda huu walihitaji kujua mvua, na kwa kazi hiyo fungu moja la nyota lilitosha.

Kumewahi kuwa na dai kwamba kaskazini zaidi watu walikuwa wakipima anga kwa mawe. Mwaka 1978 wanaakiolojia B. M. Lynch na L. H. Robbins walitangaza kwamba nguzo 19 za mawe zilizoko Namoratunga, karibu na Kalokol upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, zimeelekezwa kwenye nyota za kalenda ya Waborana, na kwamba ni za yapata mwaka 300 KK. Robert Soper alizipima upya na kuutilia shaka ushahidi huo mwaka 1982, na uchimbaji wa baadaye katika maeneo ya nguzo kando ya ziwa umeyahusisha na makaburi ya wafugaji wa miaka 5,000 hadi 4,000 hivi iliyopita. Kalenda ya Waborana yenyewe haina shaka. Hutumia nyota saba au mafungu saba, mojawapo likiwa Busan, ambalo ni Kilimia, na huanza na Lami, nyota tatu ndogo ambazo ni sehemu ya lile Jembe linalofungua Mul-Apin. Kufanana huko kunavutia, lakini si ushahidi wa undugu. Nyota hizo ziko karibu na Kilimia, na yeyote anayefuata mwezi angani atazikuta.

Majina yamedumu kuliko mahali yalipowekwa. Mhimili wa dunia huyumba taratibu, na zile sehemu za digrii 30 zinazohesabiwa kuanzia siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana zimeachana na nyota zake kwa karibu buruji nzima. Gazeti huanza Mashuke tarehe 23 Agosti, ilhali jua huingia katika nyota za Mashuke katikati ya Septemba na kutoka mwishoni mwa Oktoba. Kilimia nacho kimesogea. Mul-Apin ilipotungwa, jua lilipita penye nyota hizo mwanzoni mwa Aprili kwa kalenda ya sasa. Leo hupita hapo karibu na tarehe 20 Mei, tofauti ya takriban wiki sita. Kanuni ya tarehe 1 Nisanu haiwezi tena kuweka mwaka sawa, na kuzama kwa Kilimia mvuani, kama wanavyokufahamu Waswahili, ni kwa anga la karne hizi, si la Babeli.